Mugumo wa Waiyaki Way na Maswali Matatu ya Ikolojia



Mwezi Novemba 2020 mugumo mmoja mkubwa ulioota kando ya Waiyaki Way, kule Westlands, Nairobi, ulikuwa hatarini kung'olewa. Barabara ya Expressway, ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilikuwa inajengwa, na mti ulikuwa njiani. Miti mingi mingine kando ya Uhuru Highway na Waiyaki Way ilikuwa imekwisha kuangushwa. Watetezi wa mazingira walipaza sauti kwa ajili ya huu mmoja, wakakumbusha kwamba una umri wa zaidi ya miaka 100 na kwamba kwa Wakikuyu mugumo ni mti wa ibada, haukatwi ovyo. Serikali ikasikia. Tamko la rais likautangaza kuwa urithi wa utamaduni na wa mazingira, na mti ukabaki pale ulipo.

Nilifurahi siku ile, na hadi leo nafurahi nikiupita. Lakini mwalimu wa biolojia akiona mti uliookolewa hana budi kuuliza ni nini hasa kilichookolewa. Jibu linategemea umeuliza swali la aina gani, na ndiyo sababu nimeuleta mti huu mbele yenu jioni hii.

Katika mtaala wa 8-4-4 ikolojia ilikuwa somo la Kidato cha Tatu, na waliolipitia wanaikumbuka ngazi tuliyowachorea ubaoni: kiumbe mmoja, kisha kundi la viumbe wa spishi moja, kisha jamii ya spishi nyingi, kisha mfumo ikolojia, na juu kabisa sayari yote. Mwanafunzi huikariri ngazi hiyo, huiandika kwenye mtihani, hupata alama zake. Haina uongo. Kasoro yake ni kwamba inamfanya mtoto aamini tofauti iko kwenye ukubwa, kana kwamba kundi ni kitu kidogo na mfumo ikolojia ni kitu kikubwa. Sivyo. Dimbwi la maji ya mvua nyuma ya maabara ni mfumo ikolojia kamili, na kundi la ndege wa spishi moja laweza kuenea mabara mawili.

Mimi nasema hivi: hayo ni maswali matatu yanayoulizwa mahali pamoja. La kwanza, wako wangapi wa aina hii, na kwa nini hawazidi wala hawapungui hapo? La pili, nani anamhitaji nani, na nani anamzuia nani? La tatu, ni nini kinaingia hapa, kinapita kwa nani, na kinatoka kwenda wapi? Kila swali lina vifaa vyake na aina yake ya jibu. Madhara huanza tunapolijibu swali la tatu kwa jibu la swali la kwanza. Jambo hilo hutokea kwenye karatasi za mtihani, na hutokea pia kwenye ofisi zinazoliendesha jiji hili.

Tuanze na kuhesabu, maana wengi hudhani ndiyo sehemu rahisi.

Chukua uwanja wa shule wenye nyasi. Tuseme wanafunzi wanakamata panzi 50, wanamtia kila mmoja nukta ndogo ya rangi, wanawaachilia. Kesho yake wanakamata panzi 60, na kati yao 12 wana nukta. Hesabu tunaijua: 50 mara 60, gawa kwa 12, panzi 250. Mwalimu anatia alama ya vema, kengele inalia. Lakini namba 250 haijasema lolote bado. Je, usiku ule kuna panzi waliovuka ua kuingia? Nyasi zilikatwa asubuhi? Nukta ya rangi imewafanya waonekane kwa urahisi zaidi na ndege, kiasi kwamba wenye alama ndio walioliwa kwanza? Waliokamatwa jana wamejifunza kuogopa wavu? Kila swali kati ya hayo likijibiwa "ndiyo", namba inapanda au inashuka. Mwanafunzi anayeweza kueleza 250 inategemea masharti gani amelielewa kundi. Aliyeikokotoa tu amefanya hesabu ya darasa la tano.

Mfano wa pili uko juu ya vichwa vyetu. Kila aliyesoma shule ya msingi Nairobi anamjua mwewe: umetoka na andazi wakati wa mapumziko, kivuli kinapita, andazi halipo. Wahesabu mwewe angani juu ya Uhuru Park mwezi wa Julai, uwahesabu tena Januari. Ukiwakuta wengi zaidi Januari, usikimbilie kuandika kwamba wamezaana sana. Baadhi yao ni wageni. Kuna mwewe wanaozaliana Ulaya na Asia, wakaikimbia baridi ya kule na kufika Afrika Mashariki kuanzia Oktoba hivi, na kuondoka majira ya Machi na Aprili. Wenyeji wetu, wenye mdomo wa manjano, hujichanganya nao kwenye anga ileile na kwenye takataka zilezile. Namba ya kundi ina milango minne: kuzaliwa, kufa, kuingia na kutoka. Ukifunga macho kwa mlango mmoja, hesabu yako yote imepotoka.

Na kuna mahali ambapo kufunga mlango mmoja kumetugharimu sana. Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1946, kilomita za mraba 117, imezungushiwa ua upande wa jiji na kuachwa wazi kusini kuelekea nyanda za Kitengela. Nyumbu hawakuwahi kuwa "wa mbuga". Walikuwa wa nyanda zote za Athi na Kaputiei, wakija mbugani kiangazi na kutoka mvua ziliponyesha. Nyanda zile zilipokatwa vipande na kuzungushiwa nyaya, nyumbu wa eneo lile walipungua kwa zaidi ya asilimia 90 tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, ingawa ndani ya mbuga yenyewe hakuna aliyejenga nyumba. Ramani ya mbuga na mpaka wa kundi ni vitu viwili.

Sasa urudi kwenye mugumo na uuulize swali hilohilo la kwanza. Migumo iko mingapi kati ya Museum Hill na Kangemi? Mingapi ni mizee, mingapi ni michanga? Hapa mti huu una tabia ya kushangaza. Mara nyingi mche wake hauanzi ardhini. Ndege hula tunda, huenda kutua kwenye panda ya mti mwingine, huacha mbegu pale pamoja na kinyesi, na mche huota juu huko, ukateremsha mizizi taratibu hadi ikagusa udongo. Kwa miaka mingi huwa mgeni kwenye mwili wa mwenyeji wake, na mwisho humkumbatia hadi akafa. Mjini hufanya vivyo hivyo kwenye nyufa za kuta na kwenye mifereji ya paa. Kwa hiyo idadi ya migumo ya Westlands miaka 60 ijayo inaamuliwa leo na mambo mawili: kama bado ipo miti mikubwa mingine ya kubebea miche, na kama fundi anayesafisha mifereji ya paa ataung'oa kila mche anaoukuta. Tamko la 2020 liliokoa kiumbe mmoja. Kundi halikuulizwa.

Swali la pili ndilo ninalolipenda kuliko yote, na mtanivumilia nikikaa hapa.

Tunda la mugumo si tunda kama embe. Ukilipasua changa utakuta ndani maua mengi madogo yamefungiwa gizani, hayaoni jua wala upepo. Nyuki hawezi kuyafikia. Anayeyafikia ni nyigu mdogo sana, wa milimita chache tu, jike, anayepenya kwenye kitundu kilicho kwenye ncha ya tunda. Kitundu ni chembamba hata mara nyingi mabawa yake hukatika akipita. Hatatoka tena. Ndani hutawanya chavua aliyokuja nayo, hutaga mayai katika baadhi ya maua, hufa. Watoto wake hukulia mle. Madume huzaliwa bila mabawa. Hupandana na majike, hutoboa njia ya kutokea kwenye ngozi ya tunda, na maisha yao huishia hapo. Majike hukusanya chavua, hutoka kwa njia waliyotobolewa, na wana siku moja au mbili hivi za kuutafuta mugumo mwingine wenye matunda machanga yaliyo tayari kuwapokea.

Sikilizeni hapo: mugumo mwingine. Kwa kawaida matunda ya mti mmoja hukua kwa pamoja, kwa hiyo nyigu anapotoka, mti alikozaliwa hauna tunda changa la kumpokea. Lazima pawe na mti wa pili ulio katika hatua nyingine, si mwaka ujao, ni wiki hii. Mwaka 1990 watafiti walichapisha mahesabu yaliyotokana na migumo ya Gabon, ya spishi Ficus natalensis, ambayo inaota kwetu pia. Waliuliza: ili nyigu wasikatike kwa miaka minne mfululizo, inahitajika miti mingapi? Makadirio yao ya kati yalikuwa takriban miti 95. Nyigu hubebwa na upepo, huweza kwenda kilomita nyingi, kwa hiyo miti hiyo haihitaji kuwa bustani moja. Lakini lazima iwepo, mahali fulani ndani ya masafa yao: Arboretum, Karura, Ngong Road Forest, ua wa kanisa, kando ya mto Kangemi.

Maana yake ni kwamba mti ule wa Waiyaki Way unazaa kwa sababu ya miti ambayo hakuna rais aliyeitangaza. Ikikatwa mmoja mmoja, huu utasimama pale na majani yake ya kijani, watu wataupiga picha, na matunda yake yataanguka bila mbegu. Na kwa kuwa migumo hutoa matunda kwa zamu, mmoja Februari, mwingine Juni, ndiyo inayolisha wakati miti mingine haina kitu: ninga, hondohondo, kuzumburu, popo wala matunda, kima wa City Park. Ondoa miti ya zamu ya Juni na kuna viumbe watakaofunga Juni.

Zoezi la mwaka mzima kwa shule za Westlands, Kangemi na Lavington ni hili. Tafuteni migumo iliyo karibu nanyi, ipeni namba, na kila mwisho wa mwezi mwandike kila mmoja una matunda ya hatua gani. Halihitaji darubini wala fedha za maabara. Baada ya miezi 12 mtakuwa na jedwali linaloonyesha kama kuna mwezi ulio mtupu. Ninavyojua mimi, hakuna ukurasa wa kitabu cha kiada unaomfundisha mtoto jamii ya viumbe kama jedwali hilo.

Jamii haina urafiki mtupu. Bustani ya Arboretum ilianzishwa mwaka 1907 kwa kazi maalumu: kujaribu miti ya kigeni inayokua haraka, kwa sababu injini za reli zilikuwa zinakula kuni na misitu ya asili isingetosha. Kwa hiyo ukipita mle leo unakutana na miti ya Australia, ya Amerika, ya Asia, imesimama bega kwa bega na ya kwetu. Ni darasa la ushindani. Weka fremu ya mraba ya mita moja chini ya mkaratusi, uhesabu spishi za mimea midogo unazoziona, kisha uiweke chini ya mukinduri au mti mwingine wa asili. Rudia mara nyingi, kwa kutupa fremu bila kuchagua mahali. Nawasihi walimu wasimwambie mwanafunzi mapema atakuta nini. Mwacheni akute, kisha aeleze: ni kivuli, ni maji, ni majani makavu yaliyotanda chini, au ni mtunza bustani aliyefyeka jana?

Mfano wa jamii iliyokuwa tayari kupokea wageni uko Karura. Msitu ule wa hekta 1,041 tunao leo kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walikubali kupigwa mwezi Januari 1999 wakiuzuia usigawanywe viwanja. Kuanzia mwaka 2014 mbega zaidi ya 100 walihamishiwa humo kutoka Kipipiri, ambako miti ya mashambani waliyokuwa wakiitegemea ilikuwa inakwisha. Wameendelea kuishi na kuzaa. Mbega hula majani, na hawezi kuhamishiwa kwenye shamba la mikaratusi akanawiri. Miaka ya kung'oa magugu ya lantana na kupanda miti ya asili ndiyo iliyowaandalia mbega makao, kabla lori la kwanza halijafika na vizimba.

Sasa swali la tatu. Hapa hatuhesabu tena wala hatuulizi nani ni rafiki wa nani. Tunafuata kitu kinachopita.

Tufuate chakula kwanza, kwa ufupi. Jua linatua kwenye jani la kabichi huko Kinangop. Sehemu ndogo ya nguvu yake inageuzwa kuwa jani. Kabichi inapanda lori, inashushwa Marikiti au soko la Kangemi, inaliwa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika Kaunti ya Nairobi, na karibu chote wanachokula hakikuota Nairobi. Vitabu vinatufundisha kwamba kutoka ngazi moja ya ulaji hadi nyingine hupita takriban sehemu moja tu kati ya kumi ya nguvu, inayobaki hupotea kama joto au huachwa kwenye mabaki. Mabaki ya jiji yanakwenda kwenye jaa la Dandora. Na pale kwenye migunga ya karibu na Uwanja wa Nyayo wamekaa kongoti, ndege warefu wenye upara na mfuko shingoni, wakilea makinda yao juu ya moshi wa matatu. Ukiuliza swali la kwanza, kongoti ni wengi kupita kiasi. Ukiuliza la tatu, kongoti ni kipimo cha chakula tunachokitupa bila kukifunika. Kuwafukuza kwenye migunga hakutapunguza gramu moja ya taka.

Maji ndiyo mfano mkubwa zaidi. Mtoto wa Kilimani akifungua bomba, maji yale kwa sehemu kubwa yametoka Bwawa la Ndakaini, kaunti ya Murang'a, chini ya misitu ya Nyandarua. Yakishatumika yanapaswa kwenda kwenye mabomba ya maji taka. Yanayomwagika njiani, pamoja na ya mvua, huingia Kirichwa Ndogo na Kirichwa Kubwa, vijito vinavyopita katika Kilimani na Kileleshwa na kuishia Mto Nairobi. Mto Nairobi huingia Athi. Athi hubadilika jina kuwa Galana, kisha Sabaki, na kumwaga maji yake Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Mvuvi wa Malindi anayeyaona maji ya bahari yamegeuka rangi ya udongo msimu wa mvua anaona, pamoja na udongo wa mashamba mengi, vumbi la Ngong Road. Mfumo ikolojia wa shule yako ya Kileleshwa unaanzia Nyandarua na unakwisha baharini. Muulize mwanafunzi achore mpaka wake; akihangaika na kalamu, ameanza kuelewa.

Kuhusu mvua nina uchungu, na sitauficha. Kilimani na Kileleshwa zilikuwa mitaa ya nyumba moja katikati ya bustani kubwa. Mvua ilinyesha, ardhi ikanywa. Leo kwenye kiwanja kimoja kuna jengo la ghorofa nyingi, na ua wake wote umewekwa saruji na matofali ya kuegeshea magari. Tone lililokuwa likichukua siku nyingi kufika kijitoni sasa linafika kwa dakika chache, pamoja na wenzake wote kwa wakati mmoja. Mvua za Aprili na Mei 2024 zilipofurika, waliozolewa na maji walikuwa wengi wao watu wa mabati ya bondeni, mashariki na kusini mwa jiji, na baada ya hapo serikali ikaamuru walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni waondoke. Sikatai kwamba kingo za mto zinahitaji nafasi. Nasema tu kwamba agizo la mita 30 liliwafikia waliojenga karibu na maji, na halikumgusa aliyeyatuma maji kwa kasi kutoka kilimani. Swali lilikuwa la bonde zima, kuanzia kilele cha kilima.

Mahali ambapo maswali matatu yamechanganywa kwa gharama kubwa kuliko pote ni Bwawa la Nairobi, kati ya Kibera na Lang'ata. Lilijengwa mwaka 1953 kwenye mto Ngong, ule ambao kwa juu huitwa Motoine. Palikuwa na mashua za matanga na wavuvi. Leo mara nyingi huwezi kuona maji, unaona zulia la kijani: gugumaji, mmea uliotoka Amerika ya Kusini, wenye maua mazuri ya zambarau.

Kila baada ya muda fulani huja juhudi ya kuling'oa. Vijana wanaingia, mashine zinakuja, picha zinapigwa, maji yanaonekana. Tufanye hesabu ya swali la kwanza kwa uaminifu. Katika joto na maji yenye rutuba, gugumaji laweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi. Tuseme vijana wamefanya kazi nzuri ajabu, wameacha sehemu moja tu kati ya 64. Baada ya wiki 2 ni sehemu 2, baada ya wiki 4 ni 4, kisha 8, 16, 32, na wiki ya 12 ni 64. Bwawa limejaa. Miezi mitatu.

Swali la pili liliulizwa kule Ziwa Victoria. Kwao Amerika ya Kusini gugumaji lina wadudu wanaolila. Lilipokuja kwetu liliwaacha nyuma. Kwa hiyo katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 waliletwa na kuachiliwa ziwani wadudu wa jenasi Neochetina, jamii ya fukusi, wanaotoboa na kula mmea huo. Gugumaji lilipungua kwa kiasi kikubwa, na wadudu walikuwa na mchango wao. Hilo lilikuwa jibu zuri la swali la pili. Hata hivyo, miaka iliyofuata lilirudi tena na tena.

Linarudi kwa sababu ya swali la tatu. Gugumaji linakula nitrojeni na fosforasi. Bwawa la Nairobi hupokea vitu hivyo kila saa kutoka kwa vyoo visivyo na bomba la maji taka, na pia kutoka kwa mabomba yaliyopasuka ya mitaa yenye uwezo, jambo tunalopenda kulisahau tunapoinyooshea Kibera kidole. Maadamu chakula kinaingia, atakuwepo wa kukila. Ukiliondoa gugumaji, mwani utachukua nafasi. Oksijeni chini ya zulia huisha kwa sababu kivuli huzuia mimea ya majini na viozeshaji huitumia yote kuozesha uchafu, na samaki hufa. Bwawa lile litapona siku bomba la maji taka litakapofika kila ploti ya Kibera na mabomba ya ng'ambo yake yatakapozibwa. Hiyo ni kazi ya fundi bomba, ya mpangaji wa jiji na ya bajeti. Mwanafunzi anayelielewa hilo ana jambo la maana la kumwambia diwani wake, na amelipata kwenye somo la biolojia.

Nirudi darasani. Kwa miaka mingi tumemwambia mtoto wa Kawangware achore mnyororo wa chakula wa nyasi, swara na simba. Pengine simba hajawahi kumwona ila kwenye noti na kwenye kalenda, ilhali nyuma ya shule yake kuna bonde lenye kijito, migomba, vyura, kereng'ende, mwewe, na bomba la mtu linalovuja. Natambua kwa nini tunaogopa kumtoa: muda hautoshi, darasa lina watoto wengi, maji ni machafu. Maji ni machafu kweli. Mwanafunzi asiyaguse bila glavu, asiingie kijitoni, na mzazi ajulishwe. Lakini kingo zinatosha kwa masomo mengi, na kuna Arboretum, City Park na Michuki Park pale kando ya mto, karibu na mzunguko wa Globe.

Msaada upo pia. Tangu mwaka 1971 kuna matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno, chini ya jumuiya ambayo leo tunaijua kwa jina la Nature Kenya, na kituo chake cha kukutania ni Makumbusho ya Taifa. Kumbukumbu za watu wa kawaida kama hao, waliohesabu ndege walewale mahali palepale mwaka hadi mwaka, ndizo zinazotuwezesha leo kusema ndege gani ameongezeka Nairobi na yupi ametoweka. Mwanasayansi anayekuja na vifaa ghali kwa mwezi mmoja hawezi kuzipata.

Kwa hiyo ninaomba kila shule ya sekondari iliyo kwenye mabonde ya magharibi ichague ukanda mmoja wa ukingo, mita 20 kwa mita 2, iupe alama isiyong'oka, na iurudie mara nne kwa mwaka: kabla na baada ya mvua za masika, kabla na baada ya za vuli. Mwandike spishi mnazozijua, na zile msizozijua mzipe namba na mchoro. Mwandike nani anakula nini, kwa yale mliyoyaona kwa macho. Mwandike rangi na harufu ya maji, kina chake, na mabomba yote yanayomwagia humo, yametoka upande gani. Daftari liwe la shule, darasa linalomaliza likabidhi linaloingia, pamoja na maswali lililoshindwa kuyajibu. Walimu wanaotaka kuanza muhula huu tubaki hapa mbele baada ya maswali. Nimekuja na ramani ya Kirichwa Kubwa, na tutagawana vipande vyake kabla hatujaondoka.